Mguu wa Korongo

Toyoko Sugimori alianza kuogopa karatasi akiwa na miaka saba, siku baba yake alipomchapa vidole kwa kugusa ukingo wa meza yenye mchoro uliolowa. Leo ana hamsini na minane, na bado anaogopa. Pale mjini Kanazawa, Japani, watu husifu mikono yake mitulivu. Laiti wangejua! Imetulizwa na woga, si ushujaa.

Kazi ya nyumba yao ni kuvalisha michoro ya kale karatasi mpya mgongoni. Kila baridi ikikaza, Toyoko hupika gundi ya unga wa ngano na kuifungia mitungini chini ya sakafu kwa miaka kumi, mpaka inuke kama soksi na nguvu ziishe. Udhaifu ndio sifa yake, maana gundi njema hukubali kuachia siku mchoro utakapobanduliwa tena.

Februari, Ryokai, kasisi wa hekalu la mtaani, alileta korongo wao: ndege mmoja wa wino, amesimama majini miaka mia tatu. Humtundika siku moja tu kwa mwaka, kumkumbuka mwanzilishi wa hekalu.

"Usiipokee kazi hiyo," alisema baba yake, mzee Eikichi. "Mwambie tumezidiwa na kazi."

"Kazi gani, Baba? Tuna korongo na mafua yako tu."

Mzee hakucheka. Toyoko akaona baba bado haiamini mikono yake, na ikamchoma moyo. Akaipokea kazi kwa ukaidi.

Siku ya tatu mchoro ulikuwa umelazwa kifudifudi mezani, umelowa, naye akibandua karatasi kuukuu ya mgongoni kipande kwa kipande. Asubuhi hiyo alinyanyua kwa kibano kipande kidogo kama ukucha wa dole gumba, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na wino.

Karatasi ya mgongoni haina wino. Karatasi za zamani zina matabaka, na mbanduaji akikosea kidogo tu huondoka na tabaka la mchoro wenyewe. Alichoshika ni mguu wa korongo.

Kwanza akawaza kukirudisha. Nani angejua? Kisha akasikia miguu ya baba ikiburuta mkekani, akatamani ardhi immeze.

"Baba, nimeua ndege wa watu."

Mzee alikitazama kile kipande. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko wa binti yake.

"Upande uliotazamana na mchoro. Una nini?"

Toyoko akagusa kwa ncha ya kidole. "Unateleza. Una gundi."

"Karatasi ikichanika yenyewe kwa ndani, huwa na gundi?"

Haiwi. Gundi hupakwa na mtu. Kuna aliyekwisha kukitoa kipande hiki, akakibandika tena na kunyamaza.

"Nani, Baba?"

"Ulikuwa na miaka saba," alisema mzee. "Uliingia ukashika ukingo wa meza, korongo huyu akiwa juu yake. Hukuharibu kitu, mwanangu. Nilikuwa nimeshaharibu mimi, kabla hujafungua mlango."

Toyoko alivitazama vidole vyake. Miaka hamsini na mmoja alikuwa amevilaumu.

"Kila mwaka wakimtundika, nasema leo wataona," mzee aliendelea. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani kifo kitanifikia kwanza."

Mlango wa nje ukafunguliwa. "Hodi jamani!" Ilikuwa sauti ya kasisi, nyangavu kama kawaida. "Nimewaletea maandazi ya maharage matamu. Korongo wangu hajambo?"

Toyoko alishtuka. Kipande kilikuwa bado kwenye kibano, na gundi ilikuwa karibu. Angeweza kukirudisha kabla kasisi hajavua viatu.

"Kiache," alinong'ona mzee. Akashika nguzo, akajishusha taratibu, magoti yakilia, akaweka viganja mkekani na paji la uso juu yake, kuelekea mlango wa chumba ambao bado haujafunguliwa. Toyoko hakuwahi kuiona shingo ya baba yake kutoka juu. Ilikuwa nyembamba.

Aliweka kipande kwenye kisahani chenye maji, mahali ambapo kingeonekana. Kisha akapiga magoti kando ya baba yake, akainamisha kichwa, wakasikiliza hatua zikija.