Khalayi Aliposimama Kanisani

Mwaka uliofuata Uhuru, marehemu Khalayi alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu mama yake afariki, miaka saba nyuma, hakuna juma lililopita bila fimbo ya baba yake kumfikia. Erastus alikuwa kibarua wa jembe upande wa Bukura. Hakuwa mlevi, wala majirani hawakuwahi kumsikia akifoka. Alirudi amechoka, akakuta obusuma, ugali wetu, haujaiva au kuni zimelowa, na kabla ya kuchapa alifunga mlango kwanza.

Shuleni Khalayi aliwahi kuwa wa kwanza. Sasa alisoma mstari mmoja mara tatu asiuelewe. Mtu akiinua mkono kujikuna kichwa, yeye alijikunja. Wenzake wakalifanya hilo mchezo.

"Khalayi, nzi!" walipiga kelele, mikono juu, kisha wakacheka hadi wakakaa chini.

Mwezi wa Agosti akaja Mildred, dada ya Erastus, aliyeuza nafaka Lubao. Khalayi alimwita senge, kama watoto wa kwetu wanavyomwita dada ya baba.

"Kaka, nipe huyu msichana," Mildred alisema. "Atasomea kwangu."

"Na mimi nipikiwe na nani? Paka?"

Yakaishia hapo. Mildred angeondoka Jumatatu.

Kanisa lao liliabudu kwa kunyamaza. Watu waliketi, wanawake upande huu, wanaume upande ule, mpaka aliyepewa neno na Roho asimame aliseme. Akishasimama, awe mzee au mtoto, ilikuwa mwiko kumkatiza. Khalayi aliona hapo ndipo mahali pekee ambapo baba hangeweza kumnyamazisha. Jumapili, njia nzima, alirudia moyoni: "Baba ananipiga. Naomba niende na senge."

Kimya kilipotanda, akasimama.

Upande wa wanaume Erastus aliinua kichwa. Hakukunja uso. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja mgeni amalize kuaga. Khalayi akafumbua mdomo, lisitoke hata neno moja. Akabaki wima, machozi yakimchuruzika, mpaka mama mmoja akaanza kulia, "Asante, Yesu!" na wa pili akamfuata.

Mzee Philemon, kiongozi wa kanisa, akainuka.

"Roho ameshuka juu ya mtoto huyu. Mwenye neno zito hukosa ulimi. Ndugu Erastus, umelea vyema!"

Wanaume wakampa Erastus mkono, mmoja baada ya mwingine. Wimbo ukaanzishwa.

Mildred alipomshika Khalayi ili amketishe, aliona sketi imelowa mkojo mpaka chini, na sakafu pia. Upesi akafungua leso yake, akamfunga kiunoni, akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, unaogopa nini? Niambie mimi."

Mungu atusamehe sote tuliokuwa tukiimba wakati ule.

Khalayi alitazama ng'ambo. Baba yake alikuwa bado anapewa mikono, anatabasamu, na macho yake hayajamwacha. Jioni wangerudi nyumba ile ile. Senge angekaa usiku mmoja tu, kisha aende, mlango ungebaki.

"Siogopi kitu, senge," alisema. "Ni Roho."

Mildred alitaka kuuliza tena, lakini kanisa zima lilikuwa limekwisha kujibu, naye ni nani abishane na Roho? Jumatatu asubuhi akajitwika kikapu chake, akarudi Lubao peke yake.