Dada Yangu Anaitwa Muuaji kwa Karatasi Iliyotoka Kwenye Mfumo Wangu

Admin, jina langu usiliweke. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, kwetu Muleba, nimepanga chumba Kashai hapa Bukoba mjini. Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta. Mkitaka kunitukana nitukaneni, ila someni mpaka mwisho.

Nilikitengenezea kituo kimoja cha afya mfumo wa majibu ya vipimo. Mgonjwa anataja namba yake dirishani, anachapiwa karatasi. Tatizo mfumo ulikuwa mzito. Karatasi moja dakika nzima, foleni mpaka nje, dada wa mapokezi ananipigia simu: "Kaka, mfumo wako unatuaibisha!" Nikaweka kitu tunachokiita cache: karatasi ikishatengenezwa mara moja, mfumo unatunza kopi, ikiombwa tena unatoa kopi ile ile bila kuanza upya. Ikawa fasta. Wakanipongeza, nikavimba kichwa. Ila sikuuambia mfumo kwamba daktari akirekebisha majibu, kopi ya zamani itupwe. Mstari mmoja tu huo.

Mama yetu alikuwa na uvimbe kwenye titi. Mimi ndiye niliyesema apelekwe pale, si napajua bwana. Dada yangu Koku, aliyekuwa anakaa naye kijijini, akamleta, wakachukua kinyama cha kupima. Majibu yakaingizwa kwa makosa kwamba saratani hakuna, mtu wa maabara akaifungua karatasi kuiangalia, kopi ikatunzwa. Kesho yake daktari akarekebisha: saratani ipo, aende hospitali kubwa Mwanza haraka. Wiki iliyofuata Koku akaja kuchukua majibu. Daktari yule siku hiyo hakuwepo. Mfumo wangu ukampa karatasi ya zamani.

Alinipigia akiwa stendi, anacheka. "Mama yuko safi, waitu, ndugu yangu! Nimemnunulia soda." Mama akarudi kwenye migomba yake, uvimbe wakawa wanaukanda na majani. Hali ilipomzidi tulimkimbiza Mwanza, tukaambiwa tumechelewa. Tukamzika.

Msibani sikulia. Watu wakasema nimejikaza. Sikujikaza, nilikuwa sisikii kitu, na mpaka leo sisikii. Nakula ndizi, sijui zina chumvi au hazina.

Baada ya mazishi niliingia kwenye mfumo kwa kazi nyingine, nikakutana na jina la mama. Nikalinganisha majibu ya daktari na kopi. Hayakufanana. Nikapitia wagonjwa wengine wote, mmoja mmoja. Ni mama peke yake. Halafu nikauandika ule mstari, nikafuta kopi zote za zamani, nikaenda kunywa chai. Sikumwambia mtu.

Sasa shangazi yetu, dada yake baba, alikwenda kuuliza pale kituoni, akaambiwa saratani iliandikwa tangu mwanzo. Akarudi nyumbani anapiga kelele: "Koku alificha! Hakutaka kuhangaika na mgonjwa. Kamuua mama yake!" Ukoo mzima umemgeukia dada yangu. Majirani hawamsalimii. Jumamosi ukoo unakaa kikao, wanataka atoke kwenye kibanja cha mama, yaani nyumba na shamba lake la migomba, na hana pengine pa kwenda.

Karatasi aliyopewa Koku ilichomwa pamoja na nguo za marehemu. Jumapili amekuja mpaka kwangu, amekonda, na mkungu wa ndizi kaniletea vile vile. Akasema, "Mdogo wangu, mfumo si wako? Nichapie ile karatasi tena, waione kwa macho yao kwamba sikudanganya. Nakuomba, waitu." Nikamjibu sawa, nitakuchapia.

Nimeichapa. Ninayo hapa mezani. Siku hizi mfumo haukosei, umetoa majibu sahihi: saratani ipo, na tarehe ni ya wiki nzima kabla Koku hajafika dirishani. Hii ikisomwa kwenye kikao, dada yangu amekwisha. Ile ambayo ingemtetea niliifuta mimi kwa mkono wangu. Umebaki mdomo wangu tu, na nikiufungua, Koku atajua ni nani aliyempa ile karatasi akaenda nayo stendi anacheka.

Naogopa macho yake kuliko ukoo wote. Hilo ndilo jambo pekee ninalolisikia.

Jumamosi asubuhi atanipitia twende wote Muleba. Jana amenitumia meseji: "Mungu akubariki mdogo wangu, nimebaki na wewe tu." Sijaijibu. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?