Elektroni na Kadi za Harusi

Kompyuta zilipoanza kuingia Arusha, baada ya biashara kuachiwa huru, tulizipangia foleni kwenye ofisi moja ya uchapaji pale mjini. Siku hiyo mashine ilikuwa imeshikwa tangu asubuhi na dada mmoja wa Kimeru, mwalimu wa fizikia.

"Dada, unachapa nini kisichoisha?" akauliza bibi harusi mtarajiwa, aliyemfuata kwenye foleni na kadi zake za mwaliko za kuchapwa.

"Sichapi, naigiza elektroni, zile chembe ndogo za umeme. Zote zinasukumana, kwa hiyo huwezi kuipigia hesabu moja peke yake. Kompyuta inabahatisha mikao ya elektroni hizo, mingi sana, halafu inatafuta wastani."

Mara umeme ukakatika, hesabu yote ikapotea. Mwalimu akafunika uso kwa viganja. Kesho yake alitakiwa kupeleka jibu chuoni alikokuwa akisoma.

Umeme uliporudi, zamu ilikuwa ya bibi harusi. Akazitazama kadi zake, kisha akamgusa mwalimu begani.

"Anza tena, dada. Zangu nitaziandika kwa mkono."

Tukasubiri wote mpaka jioni. Namba ya jibu ilipotokea tukapiga makofi, ingawa hakuna aliyeielewa zaidi ya mwalimu mwenyewe, naye alikuwa analia. Leo kila mtu ana kompyuta mfukoni, na hakuna anayejua jirani yake anasubiri nini.