Jina Ambalo Sikuliandika

Mwanangu, naikumbuka siku niliyopanda kijiji cha Kalinzi, kule milimani, na begi la fomu begani, karani wa sensa mwenye umri wa miaka ishirini na kiburi cha miaka mia. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Tabu, mama mzazi wa baba yangu. Nikamwamkia, nikaanza maswali ya serikali: wangapi wamelala hapa, umri, kazi.

Bibi hakujibu hayo. Alianza na mama yake, aliyetekwa ng'ambo ya ziwa akiwa msichana, akaletwa Ujiji na msafara wa watumwa pamoja na mdogo wake wa kike. Mama huyo alitoroka akapanda milimani, mdogo akabaki Ujiji. Bibi akanitajia jina la mama yake, lile la kwao. Nikamkatiza. Nikamwambia fomu haina nafasi ya wafu.

Akaigonga fomu kwa kidole. "Basi geuza karatasi, uandike nyuma. Au unahesabu vichwa tu, kama mbuzi?"

Sikugeuza. Nilitaka kuteremka kabla ya giza. Bibi akafariki kabla kahawa ya msimu ule haijaiva.

Mwaka jana alinijia mzee wa Kasingirima, mtaa wa Ujiji, anatafuta ukoo wa dada ya bibi yake, aliyetoroka pale Ujiji akamwacha mdogo wake. Kila alichosimulia kilifanana na maneno ya Bibi Tabu. Akaniuliza jambo moja tu: huyo dada aliitwa nani? Nikamwambia kweli: nilitajiwa, sikuliandika, nimelisahau.

Tukazunguka maofisini kulitafuta jina hilo, dirisha hili, dirisha lile, njooni kesho. Mwisho tukaonyeshwa nakala ya hesabu ya watu ya enzi za wakoloni. Kalinzi: wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, vibanda kadhaa. Jina, hakuna hata moja. Nikataka kumlaani karani aliyeiandika, nikakumbuka kuwa mimi ndiye mwenzake. Mzee wa watu akarudi kwao hajui kama mimi ni damu yake, nami sijui hadi leo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wajukuu wangu ninao, wananijia hapa kwangu Gungu wakitaka ukoo mzima kwa dakika tano, macho kwenye simu. Wananichosha, nawe usiwe kama wao. Kaa chini, mwanangu. Simu hiyo iache irekodi, wewe sikiliza. Waulize wazee majina ya wanawake kwanza, maana ya wanaume hujitaja yenyewe. Usiingoje sensa ikufanyie kazi ya mjukuu; yenyewe inataka idadi tu.

Mungu akujalie subira ya kusikiliza, akukuzie wanao, na siku ukiitwa asikosekane wa kulitaja jina lako.