Kiungo cha Dawa ya Baba

Mimi si mtu mpole, na wanafunzi wangu wa Kishapu hulijua hilo kabla hawajanijua jina. Nafundisha baiolojia. Jioni, nikishasahihisha madaftari, nilikuwa nahariri makala za kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya Kiswahili inayoandikwa bure na yeyote anayetaka. Hakuna aliyenituma. Nilianza kwa hasira tu, siku nilipotafuta habari za kwetu Masumbwe nikakuta mistari miwili, na mmoja una makosa. Nikaongeza habari za pamba, za mnada, za machimbo, nikaweka na picha niliyopiga nyumbani: ng'ombe wetu mmoja akinywa maji lamboni. Kwenye picha hapakuwa na mtu wala nyumba. Huko nilitumia jina la kubuni, na kwetu hakuna aliyejua ninachofanya na simu.

Adui wa kazi ile ni matangazo. Mtu ana gesti yake Runzewe, anabandika kiungo cha kufungulia tovuti ya gesti chini ya makala ya wilaya nzima. Mwingine anauza mashine za kutafutia dhahabu, anaweka kiungo kwenye makala ya dhahabu, ya Geita, ya mawe, hata ya jembe! Unafuta, anarudisha, unafuta tena, anakutukana. Niliwafuta bila huruma, na nilikuwa naona raha.

Kisha kikaja kiungo kwenye makala ya kifua kikuu. Kilitangaza tiba ya asili ya kifua kwa wachimbaji na familia zao, eti hakuna haja tena ya vidonge vya miezi na miezi. Nikabonyeza. Ikafunguka tovuti yenye picha ya baba yangu.

Baba, sasa marehemu, alikuwa mganga. Dawa zake alizirithi kaka yangu mkubwa, na kwetu Wasukuma dawa ya marehemu si bidhaa tu. Ni mwenyewe bado yuko kazini. Ukiikataa mbele za watu, umemkataa yeye. Kaka alikuwa akizipeleka kwenye rashi, kule dhahabu inakoibuka na watu wakakimbilia, akiwauzia wanaume wanaovuta vumbi la mawe kutwa nzima. Fundi kompyuta mmoja ndiye aliyemtengenezea tovuti na kumwonyesha pa kuibandika.

Na nyumbani kwa kaka, mama alikuwa anakohoa. Alikuwa amekonda hata mkono wake niliogopa kuushika. Nilimbembeleza sana, na mwisho alikubali kwamba likizo ikifika nitamchukua twende hospitali kupima makohozi, mradi nisimkataze dawa ya baba. Nikasema sawa. Nilikuwa nahesabu wiki.

Kile kiungo sikukifuta mwenyewe. Utaratibu wetu unasema mwenye undugu na jambo asiliamue. Nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba mwenye tovuti ni ndugu yangu wa damu, kwamba dawa hiyo haijapimwa popote, na kwamba mgonjwa anayeacha vidonge kwa ajili yake anaweza kufa. Nikawaachia wengine. Wakafuta. Kaka, kwa jina la biashara yake, akarudisha, wakafuta, akarudisha, akaandika kwamba wamenunuliwa na Wazungu na wanazionea wivu dawa za mababu. Wakabidhi, yaani wale wenye mamlaka ya kufunga na kufungua, watu ambao hata sura zao sizijui, wakaizuia tovuti nzima isiweze kubandikwa tena mahali popote. Nikapumua.

Likizo ikafika, nikaenda. Kaka alikuwa amekaa uani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia marahaba. Alinyoosha simu, na kwenye simu alikuwepo yule ng'ombe, pembe moja imeshuka hadi karibu na jicho. Alikuwa amefungua makala ya Masumbwe ili abandike upya, akamkuta. Mjinga mimi! Nilidhani nimejificha kwa kuwa sikuweka sura ya mtu. Msukuma gani anasahau ng'ombe wa baba yake? Chini ya picha kulikuwa na lile jina langu la kubuni, na ukilifuata linakupeleka kwenye kila kitu nilichowahi kuandika. Kaka alilifuata. Alisoma majadiliano yote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia anawauzia watu makaburi. Akaniambia shule imenifanya mgeni kwetu. Tulirushiana maneno hadi majirani wakaacha kupeta mahindi, na muda wote huo nilidhani ugomvi ni wetu sisi wawili. Kumbe alikwisha kumsomea mama kila neno, akimtafsiria kwa Kisukuma.

Mama alikuwa amelala ndani kwenye mkeka. Nikamwambia, mayu, kama tunavyowaita mama zetu, kesho asubuhi tunakwenda. Akanijibu polepole kwamba haendi.

"Umemkana baba yako mbele ya watu tusiowajua," akasema. "Mimi nitaandamana na wewe vipi?"

Nililia. Nikamweleza habari za vipimo, za ushahidi, maneno yangu yote ya darasani, na hakuna hata moja lililomfikia. Akashikwa na kikohozi, akajifuta kwa upindo wa khanga, nikaona damu. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, na yeye akaiona.

Akanivuta nje hadi kwenye zizi. Hasira ilikuwa imemtoka yote. Alitaka kiungo kirudi. Biashara na ife, alisema, lakini mama akisikia kimerudi atakubali kwenda. Nikamwambia siwezi, si mimi niliyezuia. Nikiwaomba watakataa, na watakuwa na haki. Akasema mama hajui kusoma. Nikamtazama kaka yangu, mtu mzima, nikamwonea huruma, na nafsi yangu pia. Nikakubali.

Tukaingia. Kaka akachuchumaa, akamwekea mama simu mbele ya macho. Ilikuwa makala ya kifua kikuu, maandishi matupu.

"Mayu, wamekirudisha," akasema. "Wamesoma, wamekubali. Huyu huyu ndiye aliyewaomba."

Mama akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

Alifurahi sana. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanibariki, akasema sasa baba yangu atapumzika na mimi nitalala bila deni lake. Moyo wangu ulikuwa unaniuma na wakati huohuo nilikuwa nashukuru, kwa kuwa angalau tutakwenda. Kisha akamwomba kaka kikombe cha dawa. Nikamkumbusha kwamba gari la kwenda hospitali linapita mapema, ajitayarishe.

"Hospitali ya nini tena?" mama akasema. "Si mmesema hata wao wamekubali kwamba inaponya?"

Kaka alibaki ameshika kikombe, hakumpa. Mama akanyoosha mkono, akakichukua mwenyewe.