Gurudumu Halikusimama

Wiki iliyopita niliingia duka la simu pale Tarime mjini kununua chaja, nikakuta kijana anapaka rangi kwenye kishubaka cha ukutani ninachokijua vizuri. Masizi yalikuwa yanagoma kufichika. "Shikamoo bibi," akasema, "hapa walikuwa wanapikia?" Nikamwambia marahaba, paka rangi yako.

Hawakuwa wanapikia, ndugu yangu. Pale ilikaa taa ya samli mbele ya picha ya guru, yaani mwalimu wa dini, na samli ilitoka kwetu Gorong'a. Bibi yangu alisukasuka maziwa kwenye kibuyu, akachemsha siagi mpaka nyumba nzima ikanukia, mimi nikaibeba hadi kwa Mama wa dukani, mjane wa Kihindi mwenye nyumba ile enzi hizo. Bibi alinung'unika kila safari: "Sisi tunakula mboga chukuchuku, picha inakula samli!" Neno guru halikumkaa mdomoni. Alimwita Gurudumu.

Mama wa dukani alioga alfajiri, akakaa chini, mkono mmoja ndani ya kifuko cha shanga za kuhesabia sala, midomo ikilitaja taratibu jina la guru wake. Wateja wakigonga, "Mama, sukari! Mama, umekufa?" hakugeuka. Siku moja nikamuuliza anawezaje.

"Wewe unachunga ndama. Akikimbia unafanyaje?"

"Namchapa."

"Mimi akili yangu ikikimbia siichapi. Naiita kwa jina la guru, inarudi. Ikikimbia tena, naiita tena."

Shule niliiacha darasa la tatu. Hilo ndilo somo lililobaki.

Alikuwa na hamu moja tu: guru amwekee mkono kichwani kabla hajafa, maana alimjua kwa picha tu. Basi ikaja habari kwamba guru yuko Kenya, atavuka Sirari kwenda Musoma, na atasimama kwake. Mama akafunga duka. Akasimama kando ya barabara amevaa sari nyeupe mpya, ameshika shada la maua ya njano na kikombe cha maziwa yetu, tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Hata bibi alikuja, amejifunga kanga safi, kumwona huyo mla samli.

Gari likaja. Halikupunguza hata mwendo. Vioo vimefungwa. Maziwa yakajaa vumbi.

Mama aliinama, akagusa ardhi pale tairi lilipokanyaga, akagusa paji la uso wake. Nililia kwa hasira. "Mama, amekupita!"

"Yeye amepita. Mimi nimekaa," akasema, akarudi ndani kuwasha taa.

Bibi hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni gurudumu kweli." Safari iliyofuata alijaza samli mpaka mdomoni mwa chupa.

Mama alikufa bado analiita jina lile. Wanawe wakaja, wakauza nyumba, ile picha sijui waliitupa wapi. Samli ya sokoni siku hizi ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa rangi. Na kukaa kimya nani anaweza? Hata mimi nilikwenda pale kununua chaja, simu yangu isinyamaze.

Wapo watakaosema Mama alipata alichotafuta, kwa sababu hakuyumba. Labda. Mimi yule guru sijamsamehe. Sasa nina lori langu, la jasho langu, sikupewa na mtu. Dereva nimemwambia: ukiona mtu kando ya barabara ana kitu mkononi, simama. Anasimama. Wote wanataka lifti ya bure. Mwenye kikombe cha maziwa bado sijamwona.