Shavu la Kulia la Bi Ummkulthum

Tangu mama yake apigwe na kiharusi, Suhaila hakuwa akitoka nyumbani ila kwenda dukani, na dukani kwenyewe alikwenda mbio na kurudi mbio. Miaka miwili na nusu sasa. Chumba cha mama kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na Suhaila aliujua ukuta ule kuliko alivyokuwa akizijua njia zote za kwao Mtambile.

Bi Ummkulthum alikuwa amepooza upande wa kulia, na maneno yalikuwa yamemkimbia. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki na amri. Suhaila alimlisha, akamgeuza, akamwogesha, akambadilisha nguo, akambadilisha tena. Kati ya kazi na kazi alikaa kwenye mkeka, chupa ya chai pembeni, akijimiminia nusu kikombe, akinywa funda moja, akikiweka chini. Chai ya sukari nyingi, na ndimu ndani yake. Kikombe kimoja kilimchukua saa nzima, na kikisha huja kingine, mpaka alasiri ikatoka. Hakuwa na jambo jingine la kufanya kwa mikono na mdomo wake.

Meno yakaanza kumuuma. Maji ya mtungini akiyanywa, yalimpiga mpaka sikioni. Suhaila akaona dawa ni usafi. Akanunua mswaki mgumu kuliko wote uliokuwa dukani, akawa anapiga mswaki mara tano kwa siku, kila amalizapo kikombe cha chai, kwa nguvu, kama mtu asuguaye sufuria iliyoungua. Mara nyingine aliongeza mkaa uliosagwa. Akisha, husukutua kwa maji kopo zima. Maumivu yakazidi.

Kisha mama naye akaanza kukataa chakula. Kijiko kikikaribia, aligeuza uso. Akilazimishwa, machozi yalimtoka, na mkono wa kushoto ukaja mpaka kwenye shavu la kulia, ukasukuma.

"Hutaki, mama? Jana pia hukutaka," Suhaila alimwambia. "N'kupikie nini basi?"

Siku ya nne alimpigia simu kaka yake, Mbarouk, aliyekuwa akifanya kazi Unguja.

"Umri huo, Suhaila," Mbarouk akasema. "Mtu akikataa chakula, wewe ushafanya yako. Msomee Yasini."

Suhaila alikata simu, akakaa. Jambo lililomtisha ni kwamba, kwa muda mfupi sana, maneno yale yalimpa nafuu. Aliuona mlango wa mbele, na yeye akitoka bila kuangalia saa. Akaona haya mpaka masikio yakamwaka, akainuka, akaenda kumbadilisha mama shuka ambayo haikuwa imechafuka.

Kesho yake uso ulikuwa umemvimba yeye mwenyewe. Bi Masika, jirani wa ukuta ule, alipomwona akaja na ushungi wake mkononi.

"Leo tabibu wa meno yupo kituo cha afya. Nenda. Mie nakaa na mama yako mpaka adhuhuri."

Tabibu aliitwa Hudhaifa, kijana mpole mwenye tochi kichwani. Alitazama kinywa cha Suhaila kwa muda mrefu.

"Unapiga mswaki mara ngapi, dada?"

"Mara tano," Suhaila akajibu, na alijivunia kidogo.

"Mno. Tena kwa nguvu. Fizi zimerudi nyuma, ganda la meno limelika. Unakunywa nini mchana?"

Akamweleza chai. Hudhaifa akaitika kwa kichwa. "Sukari yenyewe si neno kubwa kama hivyo unavyoinywa. Kila funda meno yanashambuliwa upya, hayapati kupumzika. Inywe pamoja na chakula, uimalize. Na ndimu hulainisha jino. Ukipiga mswaki hapo hapo, unalikwangua. Suuza kwa maji matupu, ngoja nusu saa. Tafuta mswaki laini, mara mbili zinatosha. Povu la dawa ya meno liteme tu, usisukutue kwa maji. Liache lifanye kazi."

"Kumbe miaka yote najiumiza mwenyewe," Suhaila akasema.

"Hilo gego la nyuma limekwisha, litang'olewa. Lakini uvimbe ushuke kwanza. Meza dawa hizi, urudi baada ya wiki mbili. Kwani unashinda wapi hata ukanywa chai namna hiyo?"

Akamwambia habari za mama. Hudhaifa aliacha kuandika.

"Nani anamsafisha kinywa?"

Suhaila akajaribu kukumbuka. Midomo ya mama aliipangusa kwa kitambaa kila siku. Midomo tu.

"Aliyepooza upande mmoja," Hudhaifa akasema taratibu, "chakula humkwama kwenye shavu lisilo na nguvu. Hahisi vizuri, na ulimi haufiki kukitoa. Kila akila, mwangalie ndani ya shavu hilo. Mkalishe wima kwanza, asije akapaliwa."

Suhaila alirudi nyumbani karibu kukimbia. Akamkalisha mama kwa mito, akamwomba Bi Masika ashike tochi ya simu. Kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa safi cha shashi chenye maji, akalivuta shavu la kulia.

Palikuwa na wali. Palikuwa na nyama ya samaki iliyogeuka rangi, imeshindiliwa baina ya fizi na shavu, na chini yake kidonda kibichi. Harufu iliwafanya wote wawili wageuze nyuso.

"Astaghfirullah," Bi Masika akanong'ona.

Suhaila alitoa punje baada ya punje. Mama hakumsukuma. Mkono wa kushoto ulimshika kifundo cha mkono, ukatulia hapo mpaka mwisho. Siku zote zile alikuwa akimwonyesha.

"Nisamehe, mama. Nisamehe," Suhaila akasema. "Nlidhani hutaki."

Siku ya tatu, kidonda kikisafishwa asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, Bi Ummkulthum alikunywa uji bakuli zima.

Wiki mbili zilipotimia Bi Masika alikuwa msibani Wesha, na Mbarouk alisema kazini hapatoki mtu. Suhaila hakwenda. Kwa ajili ya meno aliiacha chai ya mchana, na alasiri zikawa ndefu kuliko zamani, kwa kuwa sasa hapakuwa hata na kikombe cha kuinua.

Mbarouk alifika baada ya miezi miwili, kwa siku mbili. Suhaila alimfundisha shashi, tochi na mito. Kaka akawa anatia kidole huku anatazama pembeni.

"Tazama ndani," Suhaila akamwambia. "Usipotazama huoni."

Akamwacha hapo, akaenda kituoni, gego likang'olewa. Hudhaifa alimwambia aume pamba nusu saa, kisha aende zake. Nusu saa ilipita. Suhaila akabaki kwenye benchi la nje, ameuma pamba, akitazama watu waliokuwa wakipita barabarani, mpaka Mbarouk akapiga simu mara ya tatu.